Ukitaka kuielewa protini, anza na kile inachokishika

Mwaka wa kwanza chuoni nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya bayolojia ya seli. Kusoma nilikuwa nimesoma, tena kwa bidii. Nilikuwa na daftari zima la majina ya domeini, yaani vipande vya protini: SH2, SH3, PH, PDZ, WD40, kila jina na urefu wake. Nilikuwa nayakariri asubuhi ndani ya daladala ya Gongo la Mboto na kuyarudia jioni kwenye foleni ya Buguruni. Mtihani ukaja na swali moja zito: kichocheo cha ukuaji (growth factor) kimegusa utando wa seli kwa nje, eleza habari hiyo inafikaje ndani. Nilijaza kurasa mbili kwa majina. Maelezo hayakuwemo hata mstari mmoja, na aliyesahihisha alinipa ninachostahili.

Leo nafundisha tuisheni Sinza, kidato cha tano na cha sita, pamoja na wachache wa mwaka wa kwanza wanaokuja Jumamosi. Kila muhula namwona mwanafunzi anayeelekea palepale nilipokwama mimi, na daftari lake la majina ni safi kuliko langu. Nawaandikia hao.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Ila protini nyingi, hasa zile ndefu, hazijikunji kama bonge moja la ugali. Zina vipande, kila kipande kimejikunja kivyake na kina kazi yake. Mara nyingi ukikikata ukakipachika kwenye protini nyingine, kinaendelea na kazi ileile. Kipande hicho ndicho domeini. Nyingi zina asidi amino kati ya 50 na 250. Mwili unazitumia tena na tena, ndiyo maana SH2 utaikuta kwenye protini za binadamu zaidi ya 100.

Hayo niliyajua hata kabla ya sapu. Nilichokosa nilikipata likizo ile, nikiwa kwa mjomba wangu ambaye ni fundi bomba. Tulikuwa Tabata, kwenye nyumba ambayo bomba la zamani la chuma lilitakiwa kuungana na la plastiki linaloshuka kutoka kwenye tenki. Mjomba yuko juu ya ngazi, mimi nipo chini na sanduku la viungio. Akaniambia, "Lete chenye meno upande mmoja, upande wa pili laini wa kupaka gundi." Nikamuuliza, "Kinaitwaje, mjomba?" Hakujibu, alinyoosha mkono tu. Nikakitafuta kwa sura yake, nikampa, akakaza upande wa chuma, akapaka gundi upande wa plastiki. Nikabaki nakitazama kile kidude. Chenyewe hakisukumi maji wala hakiyachuji. Kazi yake yote ni kushika huku na kushika kule, na bila hicho nyumba nzima haina maji.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa protini inayoitwa GRB2, na kwa mara ya kwanza nikauelewa.

GRB2 ina asidi amino 217 na domeini tatu: SH2 katikati, SH3 kila upande. Si kimeng'enya, haikati wala haiungi molekuli yoyote. Ni kiungio kama kile cha Tabata. SH2 inashika tairosini, moja ya asidi amino, iliyobandikwa fosfeti, na kama fosfeti haipo, haishiki. Tena ile ya GRB2 inachagua: inataka asidi amino nyingine, asparajini, ikae nafasi ya pili baada ya tairosini hiyo. SH3 zenyewe zinashika sehemu zenye prolini nyingi, nayo ni asidi amino, na sehemu za namna hiyo zimejaa kwenye mkia wa protini iitwayo SOS.

Sasa rudi kwenye swali lililoniangusha. Kichocheo kinafika, vipokezi viwili, yaani protini zinazokipokea, vinakaribiana kwenye utando na kubandikana fosfeti kwenye mikia yao ya ndani. SH2 ya GRB2 inadaka mkia huo. SH3 zake zimeishika SOS, kwa hiyo GRB2 ikisogea kwenye utando, SOS inakuja nayo. Na hapo kwenye utando ndipo ilipo protini iitwayo Ras, imetulia na GDP mkononi, molekuli ndogo yenye fosfeti mbili. SOS inaifanya iachie GDP, Ras inachukua GTP, yenye fosfeti tatu, na inawaka. Kutoka hapo habari inapita kwa kinasi, yaani kimeng'enya cha kubandika fosfeti, moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini.

Simama hapo kidogo, maana wengi wanapita mbio. SOS ilikuwepo ndani ya seli muda wote. Ras ilikuwepo. Hakuna protini mpya iliyotengenezwa ili mambo yaanze. Kilichobadilika ni nani yuko karibu na nani, na ukaribu huo umeletwa na domeini mbili za aina tofauti zilizokaa kwenye mnyororo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukikutana na domeini, jina liache pembeni kwanza, uliza inashika nini. Ukishajua, uliza inashika kwa sharti gani. Kisha uliza nani anaiachisha. Hili la tatu wanafunzi wangu wanalisahau karibu wote, na ndilo linalotofautisha seli nzima na seli mgonjwa. Kwenye mfano wetu, vimeng'enya vya kung'oa fosfeti vinapita, mkia unabaki mtupu, SH2 inaachia, na SOS inaondoka kwenye utando.

Mfano wa mshiko kuharibika ni wa zamani. Mwaka 1911 Peyton Rous, kule Marekani, alionyesha kwamba uvimbe wa kuku unaweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa hadi hayana seli. Kilichokuwa ndani ni kirusi chenye jeni ya protini inayoitwa Src. Src ya kawaida ina SH3, SH2 na kinasi, na mkiani ina tairosini. Tairosini hiyo ikibandikwa fosfeti, SH2 ya Src inaudaka mkia wake yenyewe, protini inajifunga, kinasi inatulia. Ile ya kirusi imepoteza sehemu hiyo ya mkia. SH2 ipo salama ila haina cha kudaka, na kinasi inafanya kazi usiku na mchana. Anayekariri kwamba "SH2 hubeba ujumbe" hawezi kuliona hilo. Anayeuliza inashika nini, analiona.

La pili: chora. Sisemi mchoro mzuri wa kitabuni. Chukua karatasi, chora mstari, weka visanduku kwa mpangilio wake, na kwenye kila kisanduku andika kinachoshikwa. Nilipofanya sapu nilichora GRB2 pembeni mwa karatasi ya majibu kabla ya kuandika neno lolote, na maelezo yakaja yenyewe.

La tatu ni la simu yako. Kwa bando dogo tu unaweza kufungua UniProt, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za protini, uandike P62993, namba ya GRB2, na utaona domeini za GRB2 zimepangwa mahali pake. Maumbo ya protini yaliyopimwa yako Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971, bila malipo. AlphaFold, programu inayobashiri umbo la protini, nayo ni nzuri, ila angalia rangi: buluu iliyokolea maana yake ubashiri una uhakika, rangi ya chungwa uhakika ni mdogo. Nyuzi za rangi ya chungwa zinazounganisha domeini mara nyingi ni sehemu legelege, kwa hiyo usiape kwamba domeini mbili zinakaa kwa pembe ile unayoiona kwenye kioo.

Nimalizie na protini ambayo hapa kwetu inaingia hadi sebuleni. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kidato cha sita mwenye selimundu, alibaki baada ya kipindi. Akaniambia, "Mwalimu, hospitali wananiambia nimekosea herufi moja. Herufi moja inawezaje kuumiza mifupa?"

Tukachora. Himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, ina minyororo minne, alfa miwili na beta miwili, na kila mmoja umejikunja kwa umbo lilelile la globini. Umbo hilohilo lipo kwenye mayoglobini ya misuli, ila kule linakaa peke yake na linaing'ang'ania oksijeni. Yakikaa manne pamoja yanavutana: moja likiachia, mengine yanaachia kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana damu inaweza kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuishusha mguuni. Kipande ni kilekile, majirani ndio wamebadilisha kazi.

Kwenye selimundu, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta inatakiwa kuwa na asidi ya glutamiki, inayopenda maji. Badala yake kuna valini, inayoyakwepa. Himoglobini inapoachia oksijeni, beta ya jirani inakuwa na kishimo kinachoyakwepa maji vilevile, na valini inaingia humo kama kiungio kilichopata mwenzake. Moja inashika nyingine, nyingine inashika ya tatu, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ndani ya seli nyekundu. Seli inavutwa, inajipinda kama mundu, inakuwa ngumu na kuziba mishipa midogo. Mfupa unakosa damu. Maumivu yale ya usiku yanaanzia kwenye kushikana kusikotakiwa.

Aliutazama mchoro muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mbona mama anasema miezi ya mwanzo nilikuwa mzima kabisa?"

Nikamwambia mtoto mchanga anakuja na himoglobini ya tumboni, yenye minyororo ya gama badala ya beta. Gama hazikubali kuingia kwenye nyuzi zile, zinazikatisha. Kadiri miezi inavyokwenda gama zinapungua, beta zinachukua nafasi, na kuelekea nusu mwaka maumivu yanaweza kuanza. Haidroksiyurea, dawa anayomeza kila siku, mojawapo ya kazi zake ni kuirudisha kwa wingi himoglobini ile ya utotoni.

"Hiyo niliyozaliwa nayo?"

"Hiyohiyo."

Akavuta daftari upande wake, akachora uzi mrefu wa himoglobini zilizoshikana, na katikati akaweka moja yenye gama mbili, pande zote akiiachia nafasi tupu.