Kapasuliwe kwanza, Swaibu

Bombo, 19 Juni

Mwanangu Swaibu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma, na asubuhi mama yako akanisomea tena kwa sauti, utadhani mimi sikwenda shule. Unasema daktari wa hapo Kasese amekukuta na henia ya kinena upande wa kulia. Si ya dharura, uchague tarehe mwenyewe. Jezi ya mbio za Rwenzori za mwisho wa Agosti umeshanunua, kilomita 21. Sasa unaniuliza: upasuliwe sasa, au ukimbie kwanza? Umeniuliza mimi kwa sababu mwaka jana yalinikuta hayohayo.

Kapasuliwe sasa. Ningeishia hapo, lakini wewe si mtu wa kuambiwa "fanya" akafanya. Hilo jeshini nililiweza kwa watoto wa watu, nyumbani lilinishinda.

Chukua kalenda. Ukipasuliwa kabla ya mwezi huu kwisha, mwisho wa Agosti utakuwa umetimiza kama majuma manane. Wengi waliokatwa kinenani huanza kukimbia taratibu kati ya juma la nne na la sita, daktari akiridhika. Kwa hiyo Agosti utakuwa mzima wa kutembea, hata kukimbia kidogo, lakini 21 huiwezi. Halafu una Septemba na Oktoba nzima za kujiandaa kwa mbio za Kampala za Novemba. Ukisubiri je? Utakimbia 21 Agosti na henia yako, upasuliwe Septemba, na Novemba ikukute ndio kwanza unajifunza kukimbia upya. Mbio moja utaikosa kwa vyovyote vile. Tofauti ni kwamba ukisubiri, unatembea na kitu hicho kiunoni miezi miwili zaidi, tena miezi ya mazoezi magumu.

Na kitu chenyewe si cha kuchezea. Ukuta wa tumbo umelegea mahali pamoja, utumbo unajipenyeza. Ukilala unarudi, ukisimama au ukikohoa unatokeza. Hakuna kidonge wala mkanda wa kuufunga ukuta huo. Siku nyingi hausumbui, ndiyo maana watu wanaishi nao miaka. Lakini ukinasa, damu haipiti, na utumbo unaweza kufa. Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utayatupa: uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na hasa ukianza kutapika, usinipigie mimi, usisubiri kuche. Nenda hospitali saa ileile.

Utasema, mbona wewe baba Aprili ya mwaka jana ulikimbia mbio za kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, ukiwa nayo? Nilikimbia, kweli. Tarehe ya operesheni ilikuwa mfukoni tayari, na daktari aliniruhusu kwa masharti: kilomita 10 basi, vilima nivipande kwa miguu, na ikitoka isirudi nisimame hapohapo. Tulipoanza kupanda nilihisi uzito unashuka kinenani. Nikawa natembea nimebonyeza vidole viwili juu ya kaptula, na kijana mmoja kwa huruma akanionyesha kilipo choo. Hizo kumi nilizimaliza, lakini sikuzifaidi. Nilikuwa nasikiliza kinena, si mbio. Wewe unataka kwenda hivyo kilomita 21, kwenye jua la Kasese?

Operesheni yenyewe ni fupi kuliko foleni yake. Daktari atakusimamisha, ataweka vidole kinenani, atasema "kohoa". Sisi tulipimwa hivyohivyo siku ya kuandikishwa jeshini, tumepanga mstari uchi. Mimi nilichomwa ganzi ya mgongoni, miguu ikapotea, nikawa nawasikia wanaongea habari za mpira juu ya tumbo langu. Kesho yake nikarudishwa nyumbani. Mtafute mtu wa gari dogo mapema. Boda siku hiyo, kwa mashimo ya huko mtaani kwenu, usiipande.

Umeuliza pia kuhusu huo wavu wanaouacha ndani, kama hautaleta balaa. Ni kitambaa chepesi cha plastiki chenye matundu. Unashonwa pale palipolegea, nyama yako inaota kupitia matundu na kuushika. Na wavu huo una habari yake hapa kwetu Uganda. Ule wa kiwandani ni ghali, kwa hiyo madaktari walitaka kujua kama kitambaa cha chandarua, kikishakatwa na kuuliwa vijidudu ipasavyo, kingefanya kazi ileile. Wakajaribu kwa wanaume 302 kwenye hospitali ya misheni ya Kamuli, huko Busoga: kundi moja wavu wa bei, jingine wa chandarua. Matokeo yakachapishwa 2016. Baada ya mwaka, henia ilikuwa imemrudia mtu mmoja wa kundi la chandarua, na kundi la pili hakuna hata mmoja. Tofauti ndogo mno ya kupigia kelele. Mama yako aliposikia hayo alikiangalia chandarua chetu kwa heshima mpya. Wewe utawekewa watakachokuwa nacho, na usiku utalala.

Baada ya hapo ndipo penye kazi. Siku za kwanza si ngumu kama unavyofikiri: unatembea jioni ileile, hatua chache, kesho nyingi zaidi. Ukikohoa au ukicheka, bana kidonda kwa mto mdogo. Waombe ndugu zako wasikutumie vichekesho. Korodani inaweza kuvimba na kupiga weusi kwa siku kadhaa; mimi hakuna aliyeniambia, nikamwamsha musawo, daktari wa watu, usiku wa manane kwa jambo la kawaida. Lakini homa, usaha, au wekundu unaosambaa, hayo si ya kawaida, rudi hospitali. Dawa za maumivu zinaweza kufunga choo, na kujikamua chooni ndicho kitu kidonda hakitaki, kwa hiyo maji, papai, na mboga ya dodo kila siku. Swala niliswali nimekaa kitini mpaka kuinama kulipoacha kuuma, na Mwenyezi Mungu hakulalamika.

Adui yako hatakuwa kukimbia. Atakuwa jerikeni. Juma la kwanza kila mtu anakuonea huruma na kukuchotea. Juma la tatu maumivu yamekwisha, kovu limekauka, unatembea wima, na unaona jerikeni limejaa pale bombani na hakuna mtu. Lita 20 ni kilo 20. Unainama, unalinyanyua kwa mkono mmoja upande uleule uliokatwa. Daktari wangu alisema wanaomrudia hawarudi kwa mbio, wanarudi kwa maji, magunia, na pikipiki iliyozimika wakaisukuma. Muulize wako ni lini utaruhusiwa kubeba, na kabla ya hapo hata nusu jerikeni usiguse. Lipa mtoto wa jirani.

Mwaka jana Agosti nilikwenda Kololo kwa mbio za saratani za Rotary, zile zilizoanza 2012 kuchangia tiba ya saratani pale hospitali ya Nsambya. Nilichukua kilomita 5, kutembea mwanzo hadi mwisho. Nilipitwa na mama mwenye mtoto mgongoni, halafu na wazee wa kanisa wakiimba. Ilikuwa asubuhi nzuri. Chini ya kovu nilihisi ukingo mgumu, na ngozi ya pale ilikuwa na ganzi, hata sasa bado kidogo. Novemba nikakimbia 10 pale Kampala, polepole kuliko mwaka uliotangulia, na mkono wangu haukugusa kaptula hata mara moja.

Najua kinachokuuma ni kuonekana umejitoa kwenye mbio za mlangoni kwako. Cheptegei, mkimbiaji wetu, alipokimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Paris 2024 kwa dakika 26 na sekunde 43, alikuwa na kocha na nchi nzima nyuma yake, na mtu kama huyo akikosa mbio moja, hesabu za wengi zinaharibika. Sisi wakimbiaji wa ridhaa tunafika wenzetu wameshakula ndizi zao na hema linafunguliwa. Nani anatungoja, Swaibu? Hakuna anayetulipa, basi na hakuna wa kutudai. Jezi usimpe mtu. Andika kwa waandaaji wakubadilishie umbali, na wakikataa, ivae hivyohivyo utembee na wa kilomita 5. Nitakuja tutembee pamoja, magoti yangu yakiridhia.

Mama yako ameshaamua kuja Kasese juma la operesheni. Hilo usilibishie, mimi nimeshajaribu. Ukipata tarehe nipigie siku hiyohiyo nimkatie tiketi ya basi. Na tafuta godoro jingine, maana lile la sebuleni kwako alilisimulia hapa Bombo mpaka imamu akajua.

Baba yako