Uvimbe pajani mwa mtoto: kinyama kwanza, kisu baadaye

Dadangu uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka 4: uvimbe mgumu pajani, hauumi, na unazidi kukua ingawa kamaliza dawa za jipu. Uvimbe wa namna hiyo lazima upimwe saratani ya misuli, rabdomiosakoma. Huenda isiwe. Lakini huo ushauri mliopewa, wa kuutoa uvimbe wote hapo Lamu ndipo upelekwe maabara, ukatae kwa adabu: kwanza kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Na asichuliwe tena.

Daktari akikata asichokijua huacha mabaki, na seli huenea katika kidonda chote. Eneo la kupasua tena au kupiga mionzi likawa kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Tangulizeni MRI ya paja, yaani picha ya mashine ya sumaku, maana baada ya kisu damu huficha mipaka. Kisha kinyama: sindano nene, geji (kipimo cha unene wa sindano) 14 au 16, vipande kadhaa, ama mkato mdogo unaofuata urefu wa paja. Mkato wa kukingama ni balaa, kwa kuwa njia hiyo ya kisu yafaa iondolewe pamoja na uvimbe.

Panapoharibika zaidi ni kwenye chupa. Kinyama kitiwe fomalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Si spiriti, na si maji ya chumvi yaachwe hivyo mpaka apatikane msafiri wa Mokowe, gati ya bara. Kikioza, au kikikaa kwenye fomalini wiki kadhaa, vipimo vya desmini na miojenini vinavyotambulisha misuli huweza kutoa jibu la uongo. Ulizeni pia kipimo cha PAX-FOXO1, jeni mbili zilizoungana ndani ya seli za saratani. Ikiwepo, ugonjwa ni mkali zaidi na dawa hupangwa kwa hesabu hiyo.

Kabla ya dawa za saratani: CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kifua, kipimo cha uboho, na uchunguzi wa tezi za limfu za kinena, maana saratani ya miguu na mikono hupenda kukimbilia tezi.

Dawa za kawaida ni vinkristini, daktinomaisini na saiklofosfamaidi, kwa mizunguko ya wiki 3, jumla miezi mingi, pengine karibu mwaka. Katikati huingia upasuaji, mionzi, au vyote viwili. Uvimbe hunywea mapema, na hapo ndipo wazazi wengi hurudi nyumbani. Msirudi! Seli zisizoonekana bado zimo. Ugonjwa usiposambaa, takriban watoto 7 kwa 10 hupona, lakini ni kwa matibabu kamili.

Vinkristini hufunga choo na kulegeza nyayo. Mtoto akianza kuburura mguu, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata. Dawa ya fangasi ya itrakonazoli huzidisha sumu yake, basi msinunue kiholela dukani.

Kati ya siku ya 7 na 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini. Siku hizo mkae Mombasa kwa jamaa, karibu na hospitali. Joto likifika 38, nendeni saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Msimpe panado kwanza mkangoja asubuhi, na asitiwe kitu chochote njia ya haja kubwa, hata kipimajoto.