Jibu: Bima ya motohomu ya bei mbaya, Mtwara
Mkuu, umeuliza nani atakukatia bima kubwa ya motohomu (gari lenye vitanda na jiko, la kuishi safarini) ya shilingi milioni 400 hapo Mtwara mjini. Wakala wa mtaani atakuandikia kama gari la kawaida, Noah tu. Tafuta broka (dalali wa bima) aliyesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, apeleke maombi makao makuu ya kampuni za bima Dar. Thamani usiipunguze: ukiandikisha milioni 200 kukwepa ada, ukapata hasara ya milioni 40, kwa kanuni ya uwiano unalipwa milioni 20 tu, maana uliandikisha nusu ya thamani. Friji, sola, jiko la gesi, betri za ndani, vyote viorodheshwe na picha. Mafuriko nayo yatajwe kwa maandishi; Mei 2024 si unakumbuka mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara pale Somanga, Kilwa? Ukitaka kuvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji, waulize watu wa bima kama inafanya kazi huko, kabla hujafika Mtambaswala mpakani.