Maswali Yenu kwa Fundi: Pikapu Haiamki, Redio Inapiga Mluzi

SWALI: Fundi habari ya baridi. Niko Limuru, nina Hilux ya dizeli ya kupeleka mboga Marikiti alfajiri. Tangu Juni asubuhi inanisumbua, inazungusha weee, inatoa moshi mweupe, inazima, lakini ikishashika siku nzima haina neno. Halafu mimi ni mtu wa redio za ridhaa, zile za kuongea hewani kama hobi, nimefunga redio kwa kebini na antena nimeweka kwa bodi ya nyuma, nikikanyaga mafuta nasikia mluzi unapanda. Makanika ananiambia nitoe redio ndio inaua gari. Ni kweli? (Mzee wa Sukuma)

JIBU: Mzee wangu, redio usitoe, ila huyo makanika hajakosea yote. Tuanze na moshi. Dizeli haina cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, sasa wewe uko juu ya mita 2,000 hewa yenyewe ni nyepesi na chuma kimelala kwa baridi usiku kucha, hilo joto litatoka wapi? Ndio maana kuna plagi za hita, moja kwa kila silinda, na zikiungua mbili hivi mchana hutajua lakini Julai zitakuumbua. Huo moshi mweupe ni dizeli imeingia ikakosa kuwaka. Chomoa waya wa plagi zote, pima moja moja na mita ya umeme, ile haisomi kitu imekufa. Na tafadhali ngoja taa ya koili, ile ya plagi za hita, izime kwa dashibodi ndio upige stata, watu wa haraka za soko mnairuka hiyo.

Sasa betri. Ikiwa imepumzika na imejaa inafaa isome kama volti 12.6, ikisoma 12.2 hiyo ni nusu, na kwa baridi hiyo nusu inakuwa ndogo zaidi huku oili nzito inataka nguvu zaidi. Mwambie mtu apige stata ukiangalia mita, ikianguka chini ya 10 anza kuchanga pesa ya betri mpya. Hapa ndio redio inaingia: redio ya wati 100 ukiongea inakunywa kama ampia 20, ukisikiliza tu kama ampia 1, kwa hivyo ukilala imewaka usiku kucha utaamka umepoteza ampia-saa kadhaa, na ndio hizo stata ilikuwa inazitaka. Zima redio, ama uweke betri ya pili ya redio peke yake, mimi hiyo ndio naipenda.

Mluzi unaopanda na mafuta ni alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Plagi za cheche huna, kwa hiyo usisumbuke na hizo. Toa umeme wa redio moja kwa moja kwa betri, nyaya nene, fiuzi kwa chanya na kwa hasi karibu na betri, sio ile ya kuiba kwa kiberiti cha sigara. Kisha athi, yaani kuunganisha vyuma vya gari viwe kitu kimoja kwa umeme. Bodi ya nyuma ya pikapu imekaa kwa chesisi juu ya mipira na rangi, kwa umeme wa redio ni kama iko peke yake, sasa antena yako inaelea. Kwangua rangi, funga mkanda wa shaba iliyosukwa kutoka bodi hadi chesisi, chesisi hadi kebini, boneti pia, paka grisi kutu isiingie. Utashangaa vile mluzi utapungua na watu watakusikia vizuri.

SWALI: Nimeona redio za mkononi za kutuma na kupokea huko Luthuli Avenue bei poa. Naweza nunua nianze kuongea tu? (Dada wa Kasarani)

JIBU: Kununua ni kitu kingine na kuongea ni kingine dada. Leseni ni ya Communications Authority, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, ndio upewe jina lako la hewani, mengi ya Kenya yanaanza na 5Z4. Hizo redio nyingi zinaweza kutuma hata kwa masafa hamna ruhusa kabisa, kwa hivyo kidole mbali na kitufe. Ukipata leseni utaongea 144 hadi 146 MHz lakini unafika tu mbali vile antena inaona, gorofa zikikuziba basi. Utamu ni bendi ya mita 40, karibu na 7 MHz, jioni, jua likishazama unasikia nchi za mbali, na radi za masika zimepungua kelele si nyingi. Antena yake ni waya tu, kama mita 10 kila upande, kata ndefu kidogo kisha punguza. Viungo vya nje zungushia tepu ya mpira, huu umande wa Julai unaingia kwa kebo polepole mpaka unashangaa redio imeziba masikio.

SWALI: Makanika alitoa themostati, ile vali inayozuia maji ya rediata mpaka injini ipate joto, akasema Nairobi haina kazi. Sasa hita haitoi joto. Nirudishe?

JIBU: Rudisha, hata leo. Bila hiyo injini haifikii joto lake, inakula mafuta na kusagika bure. Na weka kulanti, ile dawa ya maji ya rediata, sio ati maji yataganda, hapa hatufiki huko, ni kutu ndani ya rediata.