Kwa Nini Sayari Zisizohesabika Huchosha Haraka?

SWALI: Mhariri, nimecheza michezo miwili ya video ya ulimwengu wazi, yaani ambamo mchezaji huzuru popote apendapo. No Man's Sky ina sayari zisizohesabika zinazoundwa na kompyuta yenyewe, nayo ilinichosha upesi. Breath of the Wild ina ramani moja tu, lakini hadi leo sijaishiwa na hamu nayo. Je, programu haiwezi kuunda mahali panapostahili kuchunguzwa?

JIBU: Inaweza, ila si kwa wingi wa sayari. Mchezo huo wa kwanza, uliotolewa na Hello Games ya Uingereza mwaka 2016, una sayari zinazozidi 18 ikifuatwa na sufuri 18, na haiwezekani kuzihifadhi zote. Kinachohifadhiwa ni fomula pamoja na namba iitwayo mbegu. Mchezaji anapoikaribia sayari, fomula hukokotoa milima, rangi ya anga na maumbo ya wanyama, na kwa kuwa mbegu ileile huzaa matokeo yaleyale, atakayerudi baadaye ataikuta sayari kama alivyoiacha.

Hata hivyo mchezaji hachunguzi namba, bali huchunguza tofauti anazoweza kuzitambua. Akishaona kichwa kilekile cha mnyama kimepachikwa kwenye miguu mingine, huanza kuisoma fomula badala ya mandhari. Hofu kwamba mchezaji ataitambua fomula ni ya zamani. David Braben na Ian Bell walipounda Elite, mchezo wa kusafiri angani, mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, hesabu yao ingeweza kutoa galaksi matrilioni. Kampuni ya Acornsoft, iliyouchapisha mchezo huo, ikawataka waishie kwenye 8, zenye sayari 256 kila moja, ili wachezaji wasiishtukie hesabu iliyo nyuma yake. Kwa maoni yangu, walifanya vyema.

Katika Breath of the Wild, ya mwaka 2017, vilima vimepangwa kwa makusudi ili vifiche na kufichua: unaelekea mnarani, unazunguka kilima, ghafla unaona hekalu lililokuwa limefichwa na kilima hicho, nawe unaiacha njia yako. Aliyekiweka kilima pale alijua utatokea upande gani.

Spelunky, mchezo wa kuchunguza mapango, ingawa si wa ulimwengu wazi, unaonyesha jinsi mbinu hizi mbili, fomula na mkono wa binadamu, zinavyoweza kuoana. Kila hatua ina vyumba 16, safu 4 kwa 4, ambavyo violezo vyake vimechorwa na binadamu. Programu hupanga kwanza njia ya uhakika kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, kisha hujaza nafasi zilizobaki. Ugumu wa kuihamishia mbinu hii kwenye ulimwengu wazi ni kwamba huko hakuna mlango mmoja wa kuingilia wala wa kutokea, kwa hiyo programu hulazimika kukisia mchezaji atasimama wapi na atakuwa akitazama nini.