Je, Heliamu Huongeza Amonia?

Swali: Tumefundishwa kwamba mgandamizo ukiongezeka, msawazo wa gesi (hali ambayo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi hufanyika kwa kasi sawa) huelekea upande wenye molekuli chache. Nikiingiza heliamu katika chombo chenye nitrojeni, hidrojeni na amonia, je, amonia itaongezeka?

Jibu: Hapana, iwapo ujazo na jotoridi havibadiliki. Mgandamizo wa jumla hupanda, lakini kinachoamua msawazo ni mgandamizo wa kila gesi inayoshiriki katika mmenyuko, nao heliamu haiugusi.

Punguza ujazo kwa nusu, na hali ni tofauti kabisa: migandamizo yote huongezeka maradufu, uwiano wa mmenyuko (mgandamizo wa amonia kwa kipeo cha 2, ukigawanywa kwa ule wa nitrojeni mara ule wa hidrojeni kwa kipeo cha 3) hushuka hadi robo ya thamani yake ya msawazo, na nitrojeni na hidrojeni huzidi kuungana, molekuli 4 zikizaa 2 za amonia, mpaka thamani hiyo irejee.