Daftari la wiski lisiishie kwenye neno "kali"

Ndugu, umeuliza kwa nini kila ukionja wiski daftari lako linaishia na neno "kali" tu. Nadhani unaharakisha kumeza. Ulimi peke yake unatambua ladha chache mno. Mengi tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Kwa hiyo nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, bila kuzamisha pua ndani ya glasi. Kileo cha asilimia 40 au zaidi kitaichoma hadi usinuse kitu.

Kisha dondoshea maji kidogo, unuse tena. Hapo mambo hujitokeza: vanila itokanayo na pipa la mwaloni, au moshi, kama ilivyo kwa wiski nyingi za kisiwa cha Islay huko Uskoti, ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi inayochomwa kama kuni. Andika kile pua inachokukumbusha wewe, hata kama ni bendeji ya hospitali. Mimi niliwahi kuandika "viatu vipya" na sijutii.

Ukionja bia na divai siku hiyohiyo, wiski iwe ya mwisho. Na uteme, la sivyo kufikia glasi ya nne mwandiko wako hautasomeka.